Mhandisi wa Yombo na Madaftari Yake

Mtu aingiaye katikati ya Dar es Salaam kwa Barabara ya Nyerere, akitokea uwanja wa ndege, hukutana na Daraja la Mfugale pale TAZARA, na aingiaye kwa Barabara ya Morogoro hulikuta Daraja la Kijazi pale Ubungo. Na madaraja hayo mawili, la kwanza lililofunguliwa Septemba 2018 na la pili Februari 2021, yana jambo moja ambalo wapita njia wengi hawalitii maanani, nalo ni kwamba yote mawili yamepewa majina ya wahandisi, Patrick Mfugale na John Kijazi. Ni heshima waliyostahili, na taifa lililowapa heshima hiyo lilitenda insafu. Lakini uhandisi una mikono miwili: mmoja hujenga, na mwingine hutunza kilichojengwa. Ule wa kwanza huonekana siku ya kukata utepe, mbele ya wakuu na matarumbeta. Wa pili hufanya kazi yake usiku, chini ya mtambo, katika oili na joto, na siku uifanyapo kazi hiyo kwa ukamilifu hapana ajuaye kuwa kuna kazi iliyofanyika, maana hakuna kilichoharibika.

Mkono huo wa pili ndio nitakaousimulia leo, kwa kisa cha ami yangu, mhandisi mitambo mstaafu aishiye Yombo Vituka, wilayani Temeke, katika nyumba ambayo mtu akiketi barazani baada ya sala ya alasiri, upepo ukivuma kutoka upande wa reli, huisikia treni kabla ya kuiona. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mwenyewe ameniomba nisilitaje. Hoja yake ni kwamba kazi aliyoifanya haikuwa ya mtu mmoja, na mwandishi atajaye jina moja katika kazi ya watu mia huwa amewadhulumu tisini na tisa.

Neno mhandisi limetujia kutoka Kiarabu, likiwa na nasaba moja na handasa, elimu ya vipimo na maumbo. Lakini Tanganyika ilipopata uhuru wake mwezi Desemba 1961, neno hilo lilikuwako na wenyewe hawakuwako. Hesabu iliyofanywa mwanzoni mwa uhuru ilionyesha kwamba katika wahandisi wa ujenzi 84 waliokuwa wakifanya kazi nchini, Mwafrika alikuwa mmoja tu. Vijana waliotaka elimu hiyo walilazimika kuifuata Nairobi au ng'ambo, mpaka mwaka 1973, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kikiwa na fani tatu: ujenzi, mitambo na umeme. Ami alikuwa miongoni mwa vijana wa miaka ile ya mwanzo waliopanda Mlimani wakiwa na sanduku la bati na suruali mbili, na ambao kila mwaka, masomo ya darasani yakiisha, walitawanywa viwandani kwenda kuyajaribu kwa mikono yale waliyoyaandika kwa kalamu.

Mazoezi yake ya kwanza aliyafanya katika kiwanda cha nguo cha Urafiki, pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Kule alimkuta fundi mchundo mmoja, mtu mzima asiyekuwa na cheti chochote, aliyekuwa akipita kila asubuhi kati ya mashine za kusokota nyuzi akizigusa moja moja kwa kiganja cha mkono, kama mama apimavyo homa ya mtoto. Naye siku moja akasimama mbele ya mashine moja akasema kwamba beringi yake haitaifikia Ijumaa. Vijana wa chuo wakacheka kidogo, wakatoa vitabu vyao, wakaanza kukokotoa. Na Alhamisi, ilhali hesabu haijakamilika, beringi ikavunjika. Ami anasema kwamba jioni ile aliondoka kiwandani akiwa na elimu moja zaidi ya wenzake waliobaki kubishana: kwamba kati ya mhandisi, fundi sanifu na fundi mchundo kuna tofauti ya mshahara na ya dhamana, lakini mashine yenyewe haiulizi cheo cha mkono unaoigusa. Elimu hiyo, kama tutakavyoona, aliisahau baadaye, na alilipia usahaulifu wake.

Alipohitimu aliajiriwa katika reli ya TAZARA, ambayo wakati ule ilikuwa changa, na ambayo habari yake yafaa vijana waikumbushwe. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kidhalimu, na Zambia, ambayo shaba yake ilikuwa ikipita kusini kwenda baharini, ikajiona imeshikwa koo. Mataifa ya Magharibi yaliyoombwa kujenga reli ya kuelekea Dar es Salaam yalipima faida yakaona haipo. China ikakubali, mkataba ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na Julai 1976 reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa mataifa mawili yaliyoikopea bila riba. Ina madaraja zaidi ya 300, na mahandaki mengi yaliyotobolewa katika milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Na Wachina waliopoteza maisha yao katika kazi ile wana makaburi yao nje ya mji wetu, upande wa Gongo la Mboto, mbali na kwao, karibu na reli yao.

Hayo ndiyo mambo yaliyoandikwa vitabuni. Yasiyoandikwa ni yale yaliyofuata baada ya wajenzi kurudi makwao na funguo kubaki kwa wenyeji. Vichwa vya treni vya kwanza vilivyoletwa kutoka China, vilivyojulikana kwa herufi DFH, vilikuwa vya dizeli vyenye kupitisha nguvu kwa mafuta: injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta kwa kasi yakaizungusha tabini, na tabini kwa mihimili yake huyazungusha magurudumu. Ni mpango wa murua katika nchi tambarare. Lakini treni nzito ikipanda milima ile kwa mwendo wa pole, injini ikitoa nguvu zake zote, mafuta yale hupata moto, na moto ukizidi nguvu hupungua, na treni husimama katikati ya mlima na abiria wake. Mwaka 1983 reli ilipokea vichwa vya namna nyingine kutoka kampuni ya Krupp ya Ujerumani, ambavyo injini yake huzungusha jenereta, na umeme wa jenereta ukaendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa hiyo watu wa karakana, ambao walikuwa wameshajifunza tabia za mtambo mmoja kwa jasho, ilibidi wajifunze tabia za mwingine; na jambo hilo walilifanya katika miaka ambayo nchi, ikiwa imetoka katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, haikuwa na fedha za kigeni hata za kununulia dawa, seuze vipuri vya treni.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi iliyompatia ami sifa mtaani na, kwa muda mrefu, dhihaka nyumbani: desturi ya madaftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nao walikuwa wakiwaasa wafanyabiashara. Ami aliichukua hekima hiyo ya dukani akaipeleka karakanani. Alinunua kaunta buku kama zile za wanafunzi wa sekondari, akazipigia mistari kwa rula, na kila siku ya kazi, kwa muda wa zaidi ya miaka 30, akaandika tarehe, namba ya mtambo, sauti iliyosikika, joto lililopimwa, kilichofunguliwa, kilichorudishwa, kilichokosekana, na kilichokerezwa hapahapa nchini mahali pa kile kilichokosekana. Mwisho wa kila ukurasa aliacha safu nyembamba aliyoiandika juu yake neno moja: taksiri. Humo aliandika makosa yake mwenyewe, si ya wengine. Kwamba alikaza nati kabla ya wakati. Kwamba aliamini kipimo cha saa iliyokuwa mbovu. Kwamba alimkaripia fundi aliyekuwa na haki. Leo madaftari hayo ni 34, yamepangwa katika kabati la mninga chumbani kwake, na kila moja lina harufu ya grisi isiyotoka.

Nisingependa msomaji adhani kwamba nyumba ya mtu huyu iliendeshwa na mshahara wa uhandisi. Wale walioishi Dar es Salaam katika miaka ya themanini wanakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga, na wanakumbuka jinsi mshahara wa mwezi ulivyokuwa ukimalizika kabla ya wiki ya pili. Mke wa ami alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Tandika. Alfajiri, kabla ya kwenda kufundisha, alipika vitumbua ambavyo wanawe walivipeleka kwenye genge la jirani, na jioni alilisha kuku mia aliowafuga nyuma ya nyumba. Naye alikuwa na daftari lake. Humo mliandikwa bei ya mchele, bei ya mafuta, idadi ya vitumbua vilivyouzwa, vilivyokopwa na jina la aliyekopa, vifo vya kuku na sababu za vifo hivyo. Na siku moja, miaka mingi baadaye, walipoketi wawili kujumlisha gharama za nyumba yao, ami aligundua kwamba matofali ya vyumba viwili, mabati ya banda lote la mbele, na ada za shule za watoto wanne zilitoka katika daftari la vitumbua. Tangu siku hiyo hakuruhusu mgeni amwite mwenye nyumba bila ya kumsahihisha kwamba nyumba hii ina wenyewe wawili.

Nyumba yenyewe iliwachukua miaka tisa, kwa kuwa waliijenga chumba kwa chumba, katika kiwanja walichokinunua zamani Yombo ikingali na minazi na mikorosho mingi kuliko paa za watu. Kwa wale waujuao upande huu wa Temeke, ambako kwa miaka mingi maji ya bomba yalikuwa habari ya kusimuliwa na maji ya visima yana chumvi, haitakuwa ajabu kusikia kwamba kitu cha kwanza kuchimbwa, kabla ya msingi wa chumba cha kulala, kilikuwa tangi la maji ya mvua. Mabati yote yameinamishwa upande mmoja. Mfereji huyapitisha maji ya mvua ya kwanza nje, ili vumbi na kinyesi cha ndege kitangulie, kisha huyaelekeza ya pili ndani ya tangi. Bawaba za milango hutiwa oili kila mwanzo wa mwezi. Kila bomba lina mpira wake wa akiba katika kopo lililoandikwa. Nimelala katika nyumba nyingi za fahari kuliko hiyo, wala sijaona nyumba ambayo vitu vyake vinaheshimiwa zaidi.

Lakini mtu aweza kuyatunza mabati na bawaba akaghafilika na mwanawe. Mtoto wa kwanza wa ami hakuvipenda vitabu. Alipokuwa na umri wa miaka 15 alikuwa akitoroka shule kwenda kukaa katika gereji za Tandika, akirudi nyumbani na mikono myeusi na tabasamu. Na baba, ambaye alikuwa amejiwekea matumaini kwamba mwanawe atapanda Mlimani kama yeye, aliona katika mikono ile myeusi aibu badala ya ishara. Maneno makali yalisemwa. Kijana alihamia kwa rafiki zake, na kwa muda wa miaka miwili baba na mwana walikuwa wakisalimiana kwenye misiba na sikukuu tu, huku mama akibeba salamu baina yao kama kivuko kisichopumzika.

Kilichowapatanisha ni pikapu ya dizeli ya jirani yao, muuza samaki, ambayo ilikuwa ikitoa moshi mweusi na kupoteza nguvu. Ami aliishughulikia kwa siku tatu: alipima, aliandika, alisafisha kichujio cha hewa, akashuku pampu. Siku ya nne mwanawe, aliyeletwa na muuza samaki bila ya baba kujua, alisimama kando ya injini ikiwaka, akaegemeza bisibisi ndefu kwenye kila nozeli na mpini wake sikioni, akainuka akasema kwamba ni ya tatu, haipulizi bali inadondosha. Walipoifungua ilikuwa hivyo. Ami ananisimulia kwamba wakati ule hakuliona tena gari wala jirani. Alimwona fundi wa Urafiki, na kiganja chake juu ya mashine, na vijana wa chuo wakicheka, na safari hii aliyecheka alikuwa yeye. Usiku ule alifungua daftari la 22, ambalo nimeruhusiwa kulisoma. Katika safu ya taksiri kuna jina la mwanawe, na chini yake neno moja: nimesahau.

Kijana alipelekwa katika chuo cha ufundi stadi cha Chang'ombe, akafanya majaribio ya ufundi daraja la tatu, la pili na la kwanza, na leo ana gereji yake mwenyewe Tandika, ambamo vijana sita wanajifunza kazi. Binti wa tatu ndiye aliyepanda Mlimani, akachukua fani ileile ya mitambo, na sasa ni mhandisi katika kiwanda kimoja mkoani Pwani. Jumapili akija nyumbani, yeye na kakaye hubishana mbele ya baba yao kuhusu injini kwa lugha mbili, ya hesabu na ya sikio, na mzee, ambaye zamani angehukumu upesi, hunyamaza akasikiliza mpaka mwisho.

Tangu alipostaafu, ami hupambazua siku kwa kuzunguka nyumba yake na daftari jipya mkononi. Saa tatu huanza kuja wenye shida: mwenye pampu ya kisima isiyovuta, mwenye mashine ya kusaga inayotikisika, mwenye bodaboda iliyonoki. Hatozi fedha. Sharti lake ni moja, kwamba kijana aliyeleta mashine akae, aandike mwenyewe kilichokuwa kibaya na sababu yake, kwa maneno yake, kabla ya kuondoka. Wengine hukasirika na kwenda zao. Wanaobaki hurudi, na wachache kati yao wameanza madaftari yao wenyewe.

Wakati mwingine mazungumzo huielekea reli. TAZARA, ambayo katika mwaka 1977/78 ilibeba zaidi ya tani milioni moja na laki mbili, ilifika mwaka 2014/15 ikibeba chini ya tani laki moja; na sababu za anguko hilo ni nyingi, kuanzia daraja la Chambeshi lililolipuliwa na majeshi ya Rhodesia Oktoba 1979, hata kufunguliwa tena kwa njia za kusini na kushamiri kwa malori. Ami hakanushi hata moja. Huongeza tu kwamba mtambo aghalabu hauuawi na pigo moja; huuawa na grisi iliyoahirishwa leo, na kesho, na mwezi ujao, mpaka ikafika siku ambayo hakuna anayekumbuka kuwa iliahirishwa. Septemba 2024 marais wa Tanzania na Zambia, pamoja na Rais wa China, walishuhudia mjini Beijing kutiwa saini makubaliano ya kuifufua reli ile. Na miezi mitatu kabla yake, Juni 2024, treni ya umeme ilikuwa imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika reli ya upana wa milimita 1,435. Sasa nchi yetu ina reli za vipimo vitatu, kwa maana ile ya Kati ya Wajerumani ni milimita 1,000 na ya TAZARA ni 1,067; na kila kipimo chataka watu wake, vipuri vyake na madaftari yake. Wajukuu walipompandisha mzee katika treni hiyo mpya, alifurahi furaha isiyofichika. Waliposhuka Morogoro aliwauliza kama wanajua ni nani anayeikagua usiku. Hawakujua, akawaambia kwamba mtu huyo ndiye wamwombee dua.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka jana, sokoni Tandika, nilinunua karanga zilizofungwa katika karatasi iliyosokotwa, na nilipoikunjua karatasi nikakuta mchoro wa shimoni ya pampu, umechorwa kwa wino, una vipimo hadi sehemu ya mia ya milimita, na maelezo ya Kiswahili kwa mwandiko mzuri. Muuza karanga alinieleza kwamba mzigo ule wa karatasi aliununua kwa kilo kutoka kwa familia moja iliyofiwa na babu yao. Nilinunua karatasi zote zilizobaki. Zilikuwa kurasa kumi na moja. Na ni ngapi zilizokwisha kuliwa karanga zake, Mungu ndiye ajuaye.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa kuwapa wahitimu miaka mitatu ya kujifunza kazi chini ya wahandisi wazoefu, nao ni mpango mwema. Naomba mlango huo upanuliwe, wastaafu waalikwe kwa heshima na posho, wakae na vijana karakanani, na vyuo vyetu vya uhandisi vifungue rafu katika maktaba zao kwa ajili ya madaftari ya watu wa reli, wa viwanda, wa mitambo ya umeme na ya maji. Wazee hawa walipewa mitambo ambayo hawakuibuni, wakaiendesha bila ya vipuri, na elimu waliyoipata haimo katika kitabu chochote cha mtengenezaji.

Nawe msomaji, ambaye pengine una baba, au ami, au mama aliyeshika spana kwa ajili ya nchi hii, huhitaji kuisubiri Bodi wala chuo. Mwendee ukiwa na daftari, umuulize, uandike. Na kama ameshatangulia mbele ya haki, basi kabla hujauza karatasi zake kwa kilo, zifungue kwanza uzisome.